Maji ya Kifuu: Kwa Nini Tunamdharau Fundi wa Mifano?



Mtoto aliyezaliwa Wawi hukua akitazama juu. Uwanja wa Ndege wa Pemba uko kwetu, na katika utoto wangu, miaka ya 1980 ikielekea ukingoni, mngurumo wa ndege ndogo ukisikika kutoka upande wa Unguja, tulikuwa tukiacha mpira na kukimbilia mahali pa kuonea vizuri. Ndege ikishatua na abiria wakishatawanyika kuelekea Chake, sisi tulirudi kwenye kazi yetu halisi: kuiunda upya. Tulitumia mabua, njiti za makuti na maboksi yaliyotupwa na wenye maduka. Aliyepachika mbawa nyuma mno aliiona ndege yake ikipiga kichwa chini. Aliyezipachika mbele mno aliiona ikiinua pua, ikisita, kisha ikianguka kwa mkia. Wenzetu wa pwani ya Vitongoji walikuwa na vingalawa vyao vya mti wa msufi, vyenye tanga la nailoni na mirengu ya kweli, ambavyo walivishindanisha maji yakijaa.

Hakuna mwalimu wa skuli aliyetuambia kwamba kazi ile ina jina, kwamba wako watu wazima katika nchi nyingine wanaolipwa mshahara mzuri kwa kuifanya, na kwamba bila ya watu hao ndege yenyewe tuliyokuwa tukiishangilia isingeaminiwa kubeba abiria. Tulichoambiwa ni kuacha mchezo na kwenda kusoma. Tulikwenda. Baadhi yetu tulisoma hadi shahada ya uzamivu, na leo tumekaa katika kamati zinazoamua nani anastahili kuitwa mtaalamu. Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Nchi inayomdharau fundi wa mfano mdogo hulilipia kosa hilo kwa kipimo kamili, juu ya chombo chenye watu ndani yake.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Mhandisi akitaka kujua upepo utaifanyia nini ndege, daraja, paa la nyumba au tanga la chombo, hawezi kusubiri mpaka kitu hicho kijengwe ndipo akione kikianguka. Hutengeneza mfano mdogo wenye uwiano kamili na kitu chenyewe, akauweka ndani ya handaki la upepo, yaani njia ndefu iliyofungwa ambamo hewa hupulizwa kwa kasi inayopimwa, akauegemeza juu ya mizani inayosoma nguvu ya kuinua, ya kurudisha nyuma na ya kupindua. Mfano huo si pambo la mezani. Ukiwa umepunguzwa mara 50, kosa la milimita moja katika mfano ni kosa la sentimita 5 katika jengo. Ukwaruzo ambao mimi na wewe hatuuoni kwa macho unaweza kubadilisha jinsi hewa inavyoteleza juu ya bawa, na jibu zima likawa la uongo. Juu ya hayo, fundi hutoboa katika ngozi ya mfano matundu membamba kuliko sindano ya kushonea, kila tundu likiunganishwa na mrija wake, ili kanieneo ya hewa isomwe mahali baada ya mahali. Tundu likiwa na ukingo ulioinuka hata kidogo, linasoma uongo. Mtu wa namna hiyo unamwitaje, kibarua?

Wahenga wetu walisema kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Sisi tumezoea kuitumia methali hiyo kwa ajili ya unyonge na uwezo, lakini ndani yake limo somo zima la uhandisi. Maji yaliyomo katika kifuu si bahari iliyopunguzwa tu. Kwa chungu, maji yaleyale ni mazito zaidi, yananata zaidi, na mwendo wake ndani yake si mwendo wa jahazi ndani ya bahari. Mwaka 1883 Osborne Reynolds, profesa wa uhandisi huko Manchester, aliliweka jambo hilo katika hesabu, na namba inayobeba jina lake ndiyo inayotuambia ni lini mfano mdogo unasema kweli juu ya kitu kikubwa na ni lini unatudanganya. Wamarekani walipoona kwamba mifano yao midogo inadanganya, mwanzoni mwa miaka ya 1920 walijenga huko Langley, Virginia, handaki ambalo hewa yake ilishindiliwa hadi kanieneo mara 20 ya hewa ya kawaida, ili kifuu kipate kufanana na bahari. Wanasayansi walitoa wazo. Nani alichonga mifano? Walikuwa mafundi wa mbao na wa chuma, na mwaka 1941 Langley ikaanzisha shule yake yenyewe ya wanagenzi ili mafundi hao wasikatike.

Kabla yao alikuwapo William Froude, Mwingereza aliyetengeneza mifano ya meli kwa nta na kuiburuza katika tangi la maji huko Torquay. Tangi lile lilianza kazi mwaka 1872. Mpemba anapousikia mwaka huo hukumbuka jambo jingine. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na minazi na kuzizamisha meli za Sultan Barghash, ilhali Pemba iliponea kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Mwaka mmoja, bahari mbili: upande mmoja mtu anaiuliza bahari maswali kwa vipande vya nta, upande mwingine watu wanahesabu walichobakishiwa. Sisemi kwamba nta ya Froude ingekizuia kimbunga. Nasema kwamba wenzetu walijenga desturi ya kuuliza mapema, nasi miaka zaidi ya 150 baadaye bado hatujaijenga.

Yuko atakayesema kwamba hayo ni mambo ya wasomi wakubwa wa Ulaya. Si kweli, na ushahidi wake ni ndugu wawili watengenezaji wa baiskeli wa Dayton, Ohio. Wilbur na Orville Wright hawakusoma chuo kikuu. Mwaka 1901, baada ya chombo chao kisicho na injini kushindwa kufanya walichokitarajia, waliacha kuamini majedwali ya watangulizi wao, wakajenga sanduku la mbao lenye urefu wa mita 1.8 hivi na feni upande mmoja. Mizani yao waliiunda kwa spoki za baiskeli na vipande vya misumeno ya chuma. Walikata na kukunja mifano ya mabawa ipatayo 200 kwa bati la chuma, mkasi, tupa na nta. Tarehe 17 Desemba 1903 waliruka, wakiendeshwa na injini iliyotengenezwa na fundi wao wa karakana, Charlie Taylor. Tunaowafundisha vijana historia hii huwaonyesha picha ya ndege ikipaa, tukaliruka lile sanduku la mbao, kwa sababu sanduku linatuaibisha. Linatukumbusha kwamba vifaa walivyokuwa navyo akina Wright viko leo katika karakana yoyote ya Chake Chake.

Sasa niseme la kwangu, kwa kuwa si haki kuwanyooshea wengine kidole huku nimeficha mkono wangu.

Miaka kadhaa iliyopita nilifundisha katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Chuo hicho kilipewa na wafadhili handaki dogo la upepo. Lilikuja na bawa moja la alumini na tufe moja, na kwa miaka kadhaa wanafunzi walipima bawa lilelile na tufe lilelile, wakaandika ripoti zilezile, sisi tukazisahihisha kwa alama zilezile. Siku moja mwenzetu mmoja aliuliza swali la maana: kwa nini tusipime kitu chetu? Tukachagua nyumba ya kawaida ya pwani yetu, yenye paa la bati lenye mwinamo mdogo na upenu mpana. Kila mwenye nyumba anajua kwamba upepo mkali hauliangushi bati kwa kulisukuma. Hulinyonya kwenda juu, na hunyonya kwa nguvu zaidi kwenye kingo na pembeni. Tulitaka kujua ni kwa kiasi gani, na ni pembe ipi ihitaji misumari mingi zaidi.

Hakuna hata mmoja kati yetu, madaktari wa falsafa, aliyeweza kuutengeneza mfano huo. Tuliuchora kwenye kompyuta, tukauzungusha kwenye skrini, tukasifiana. Aliyeutengeneza ni seremala wa karakana, mtu mzima aliyelelewa katika kazi ya kuunda vyombo vya baharini, ambaye mkataba wake ulimwita kibarua. Alipoutazama mchoro wetu alicheka.

"Daktari," aliniambia, "paa lako hili limekaa kama meza. Huku kwetu nani ezeka hivi?"

Kisha akanifundisha jambo ambalo sikulisoma popote: kwamba bati za nyumba zetu hazilali sawa, kwamba mbao huku kwetu hupinda baada ya masika ya kwanza, na kwamba upenu wa upande wa kusi huchoka mapema kuliko wa kaskazi. Aliutengeneza mfano kwa uwiano wa 1 kwa 50. Ukuta wa mita 3 ukawa sentimita 6. Matundu ya kupimia aliyatoboa kwa keekee ya mkono aliyoiunda mwenyewe kwa sindano, akisugua ukingo wa kila tundu kwa msasa uliochakaa, kwa sababu msasa mpya, alisema, una kiburi. Kazi ilimchukua wiki sita. Tulipouweka mfano ndani ya handaki, namba zilikaa pale ambapo nadharia ilisema zikae, isipokuwa kwenye ule upenu wake wa upande wa kusi, ambako zilitufundisha jambo jipya.

Tuliandika makala. Ilikuwa na majina matatu, na langu lilikuwamo. Jina lake halikuwamo. Nilipomwambia kwamba makala imetoka, aliniuliza kwa upole, "Na mie nimo?" Nikamjibu kwamba makala za kitaaluma zina taratibu zake.

Mwaka uliofuata ulikuja muundo mpya wa utumishi. Ulitaka kila mtumishi wa karakana awe na cheti cha Kidato cha Nne chenye ufaulu na cheti cha fundi mchundo. Yeye hakuwa na hata kimoja. Jambo lilipita mbele ya kamati ambayo mimi nilikuwa mjumbe wake. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye hoja. Nilikuwa nayo, nami sikuisema. Mkataba wake haukuhuishwa. Handaki limefunikwa turubai, na wanafunzi wamerudi kwenye bawa la alumini. Yeye sasa anachonga milango ya nakshi ya kuuzia wageni, na nilipomtembelea hakunilaumu kwa neno lolote. Afadhali angenilaumu.

Nimelieleza hili kwa sababu najua halikutokea katika chuo kimoja tu. Utaratibu wetu wote umesimama juu ya dhana kwamba ujuzi unaishi katika karatasi. Mtoto akifeli mtihani tunamwambia "basi nenda kwenye ufundi", kana kwamba mkono ni jalala la kichwa. Kisha tunashangaa mbona wahandisi wetu wanahitimu bila ya kuwahi kushika tupa.

Najua hoja tatu zitakazoletwa dhidi yangu, nami nazijibu.

Ya kwanza inasema kwamba kompyuta zimeimaliza kazi hii. Anayesema hivyo atazame mashindano ya magari ya Formula 1, ambako fedha na kompyuta si tatizo. Hadi leo timu zake zinagombania saa za handaki la upepo, hata ikabidi kanuni ziziwekee kikomo: mfano usizidi asilimia 60 ya ukubwa wa gari lenyewe, na upepo usizidi mita 50 kwa sekunde. Jambo lililokufa haliwekewi kikomo. Kompyuta hujibu swali uliloliuliza. Mfano wa mbao hujibu hata lile ulilolisahau, kama ulivyotujibu sisi juu ya upenu wa kusi.

Ya pili inasema kwamba sisi ni maskini na tuna vipaumbele vingine. Nami nauliza, kipaumbele gani kinachotangulia paa na chombo? Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kiliifikia pwani ya Tanzania, na watu wa Mafia na mikoa ya kusini wanajua bati linavyolia kabla ya kung'oka. Serikali ya awamu ya nane imeufanya uchumi wa buluu kuwa kauli yake kuu, na wavuvi na wakulima wa mwani wamegawiwa boti. Ni jambo jema. Lakini boti kwa ajili ya mkondo wa Pemba, kwa mawimbi ya kusi, kwa mvuvi anayebeba nyavu upande mmoja na watu wanne upande wa pili, inataka kuulizwa maswali kabla ya kuigwa mara mia. Swali hilo huulizwa kwa mfano wa urefu wa mkono na dimbwi la maji. Ghali ni lile kosa linalogunduliwa baharini.

Na tusisahau tulikotoka. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikiwa safarini kuja Pemba, na mamia ya watu wetu wakaenda nayo. Haikuzama kwa kukosa mfano wa majaribio. Ilizama kwa sababu ilibebeshwa kupita kiasi, na sina haki ya kuyageuza maiti kuwa hoja yangu. Ila nauliza hili: katika wote walioiona meli ile ikijazwa bandarini, ni wangapi waliwahi kuonyeshwa darasani, kwa mfano mdogo ndani ya beseni, jinsi chombo kinavyosimama imara hadi kokoto fulani, kisha kokoto moja ikiongezwa juu kinapinduka ghafla? Mtoto wa Vitongoji mwenye kingalawa chake anaijua kokoto ile. Tulimwambia aache mchezo akasome.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu huja na tabasamu: kwamba mafundi wetu ni wazuri, lakini kazi yao ni ya mazoea, haina sayansi. Nendeni mkatazame mtepe, chombo cha pwani hii kilichoshonwa kwa kamba bila ya msumari. Mitepe ilitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwaka 2003 ulipojengwa upya mtepe mzima pale Beit al-Ajaib mjini Zanzibar, ilibidi ufufuliwe kutokana na kilichosalia: picha, maandishi na mifano midogo. Chombo kilikufa, mfano ukabaki kuwa mwalimu. Ujuzi ule ulikuwa sayansi siku zote. Waliokuwa na kalamu ndio hawakujishughulisha kumwuliza mwenye tezo alikuwa akihesabu nini kichwani mwake.

Basi nini kifanyike? Sitaki kumaliza kwa malalamiko.

Kwanza, ujuzi upimwe kwa kazi. Kule Bara, VETA imekuwa ikiwatathmini mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti. Utaratibu huo uheshimiwe na vyuo vikuu vyenyewe, na muundo wa utumishi uwe na ngazi ya fundi bingwa ambayo mtu huifikia kwa mikono yake na kulipwa kama mtaalamu.

Pili, hapa Pemba tunacho Kituo cha Mafunzo ya Amali cha Vitongoji, mwendo mfupi kutoka Wawi. Kipewe dimbwi la kuburuzia mifano ya vyombo na sanduku la upepo. Navisema hivi kwa makusudi: dimbwi la saruji, mbao za plaiwudi, feni, na mizani. Akina Wright hawakuwa na zaidi. Waunda vyombo wa kisiwa hiki waitwe kufundisha humo, wanafunzi wa uhandisi wapelekwe kujifunza kwao, na asihitimu mhandisi yeyote ambaye hajatengeneza kwa mkono wake walau mfano mmoja uliokubaliwa na fundi.

Tatu, jina la aliyeutengeneza mfano liandikwe katika makala pamoja na majina ya walioutazama. Hili halihitaji bajeti wala mfadhili. Linahitaji haya tu, nami nimechelewa kuwa nayo. Nimeandika barua kwa jarida lililochapisha makala yetu nikiomba jina la nne liongezwe. Wenzangu wawili nimewaarifu. Mmoja amekubali, mwingine ananiambia nitatia doa kazi yetu. Doa lilikuwapo tangu siku ya kwanza, na nililitia mimi.

Mara ya mwisho nilipofika nyumbani Wawi nilimkuta mtoto wa jirani ameketi barazani na ndege ya mabua magotini, akisogeza mbawa mbele kidogo, akijaribu, akisogeza tena. Mama yake alitoka kumwambia aache mchezo, mgeni amekuja. Nikamwomba amwache amalize. Mtoto aliirusha, ikapaa hatua chache, ikainua pua, ikasita. Akaenda kuiokota, akarudisha mbawa nyuma kwa upana wa ukucha, wala hakunitazama.

Naomba kutoa hoja.